Kujitolea pekee hakutoshi: Sheria za Marekani kwa wanaotumia dawa kwenye ardhi ya umma

NCHINI Marekani, mtu anaweza kuingia dukani Jumamosi asubuhi, akanunua chupa ya dawa ya kuua magugu na kuinyunyiza katika ua wa nyumba yake bila kuulizwa na yeyote iwapo amesoma maandishi yaliyo kwenye kibandiko. Alasiri ya siku iyo hiyo, akijiunga na majirani wanaotunza msitu wa umma ulio ng'ambo ya barabara, huenda akakatazwa kuigusa chupa kama ile hadi afanye mtihani wa serikali na kupewa leseni.

Wengi wanaokumbana na sharti hilo kwa mara ya kwanza hupigwa na butwaa. Wao hawalipwi hata senti moja. Hawauzi kitu. Wameacha shughuli zao za mapumziko ya wiki ili kuisaidia serikali kufanya kazi ambayo serikali yenyewe haina wafanyakazi wa kutosha kuifanya. Mbona basi wawekewe kizuizi ambacho mwenye nyumba hawekewi?

Jawabu ni kwamba katika majimbo kadhaa sheria haitazami moyo wa mtu wala mfuko wake. Inatazama ardhi anayoikanyaga, na inamfikiria yule atakayepita hapo kesho bila kujua kilichonyunyizwa jana. Mwenye nyumba akikosea katika ua wake, madhara humwangukia kwanza yeye na jamaa zake. Msituni kuna mtoto anayekimbia kwa miguu mitupu, mbwa anayetafuna nyasi, mzee anayechuma matunda ya porini na samaki walio katika kijito. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa kama anakubali.

Ili kuielewa hali hii, ni sharti kwanza kuelewa jinsi taifa hilo linavyosimamia viuatilifu, yaani dawa zote zinazotumiwa kuua wadudu, magugu, kuvu, panya na viumbe wengine waharibifu. Msingi ni sheria ya mwaka 1947 inayofahamika kwa kifupi kama FIFRA. Mwanzoni, lengo lake kuu lilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya wafanyabiashara waliouza dawa hafifu zenye vibandiko vya uongo. Mwaka 1972, miaka miwili baada ya kuundwa kwa Shirika la Kulinda Mazingira, EPA, Bunge la Marekani liliifanyia sheria hiyo marekebisho makubwa, na suala la afya na mazingira likapewa uzito.

Marekebisho hayo ndiyo yaliyozigawa dawa katika mafungu mawili. La kwanza ni la dawa za matumizi ya kawaida, ambazo mtu yeyote anaweza kununua. La pili ni la dawa zenye masharti, ambazo haziwezi kununuliwa wala kutumiwa isipokuwa na mtu aliyeidhinishwa kwa cheti, au mtu anayefanya kazi chini ya usimamizi wake wa moja kwa moja. Utoaji wa vyeti uliachiwa majimbo, mradi mipango yao iidhinishwe na EPA.

Januari 2017, shirika hilo lilichapisha kanuni mpya zilizokaza kamba zaidi. Mwenye cheti sharti awe ametimiza umri wa miaka 18, na cheti chake kisikae zaidi ya miaka mitano bila kuhuishwa. Asiye na cheti anayetumia dawa zenye masharti chini ya msimamizi naye sharti awe amepewa mafunzo katika muda wa miezi 12 iliyotangulia, na pawe na njia ya yeye na msimamizi wake kuwasiliana papo hapo. Umri wake pia uliwekwa kuwa miaka 18, ingawa watoto wa wakulima wanaosaidia katika shamba la familia waliruhusiwa kuanzia miaka 16.

Hapo ndipo panapozuka utata. Dawa ambazo wanaojitolea hutumia zaidi misituni, kama vile glaifoseti na triklopiri, kwa kawaida ziko katika fungu la kwanza. Kwa mujibu wa sheria ya kitaifa pekee, hazihitaji cheti chochote. Wanaojitolea wangeachwa huru kabisa kama sheria ya kitaifa ingekuwa ndiyo ya mwisho.

Lakini siyo ya mwisho. Kila jimbo lina mamlaka ya kuongeza masharti yake, na mengi yameyaongeza.

Jimbo la Maine ni mfano mzuri. Huko, sheria inataja kazi ya kunyunyiza inayohitaji leseni ya kibiashara, na katika maana hiyo inajumuisha kazi inayofanywa kwa malipo na pia kazi yoyote inayofanywa mahali panapofunguliwa umma. Neno "malipo" linasimama kando ya neno "umma" kana kwamba ni ndugu. Mtu akinyunyiza dawa kwenye bustani ya manispaa, hata awe amejitolea kwa roho safi, yuko katika kundi moja na kampuni inayotoza mamia ya dola.

New York nayo imefika pale pale kwa njia nyingine. Sheria yake inataja aina chache za utumiaji zisizo za kibiashara, ikiwemo ile ya mwenye nyumba au mpangaji anayetumia dawa za kawaida mahali anapomiliki au alipopanga. Yote yasiyoingia katika aina hizo huhesabiwa kuwa ya kibiashara. Kwa hivyo anayejitolea kuua magugu kwenye ardhi ya umma huwa, kwa lugha ya sheria, anafanya kazi ya kibiashara, ingawa biashara yenyewe haipo. Mtu anaweza kucheka, lakini mantiki yake ni wazi: ama ardhi ni yako, ama si yako.

California ilikwenda mbali zaidi kuhusu shule. Chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2000 na kukazwa baadaye, kuanzia Julai 2016 kila mtu anayetumia kiuatilifu katika shule ya umma hulazimika kupata mafunzo yaliyoidhinishwa kila mwaka. Sharti hilo halimwachi nje mwalimu wala mzazi aliyejitolea. Tena katika sheria za Marekani dawa za kuua viini huhesabiwa kuwa viuatilifu, hivyo kwamba hata kitambaa chenye dawa cha kupangusia dawati kimo ndani. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba hapo sheria imevuka mpaka wa busara, na si vigumu kukubaliana nao. Hata hivyo, mafunzo hayo hayafanani na mtihani wa leseni, na mtu hawezi kusema amezuiwa kusafisha darasa.

Mahali ambapo uhusiano wa wanaojitolea na dawa hizi umejaribiwa kwa muda mrefu ni katika misitu ya Kaunti ya Cook, jimbo la Illinois, inayolizunguka jiji la Chicago. Misitu hiyo, ambayo wazo lake lilipitishwa mwaka 1914, ina takriban ekari 70,000, ambazo ni zaidi ya asilimia 10 ya ardhi yote ya kaunti. Kati ya maghorofa na barabara kuu, mtu hukuta mialoni mikongwe, vinamasi na mabaki ya mbuga za nyasi ndefu zilizokuwa zimetanda jimboni kabla ya ujio wa plau.

Mwaka 1977, kikundi kidogo cha wenyeji kilichoongozwa na Steve Packard kilianza kuyatunza mabaki hayo kando ya tawi la kaskazini la Mto Chicago. Kazi yao ilikuwa kukusanya mbegu za mimea ya asili na kuzisia upya, na kuondoa mimea ya kigeni iliyokuwa inaisonga. Mfano wao ulienea, na makundi kama hayo yakachipuka katika kaunti nyingi za eneo hilo.

Adui mkubwa wa wahifadhi hao ni kichaka kiitwacho bakthoni, kilicholetwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 ili kiwe ua wa kuzungushia mashamba na nyumba. Msomaji anayeifahamu habari ya mti wa mathenge kule Baringo hahitaji maelezo marefu. Kilichopandwa kwa nia njema kikatoroka, ndege wakakisambaza, kikatanda chini ya miti mikubwa hadi mwanga ukashindwa kufika ardhini. Miche ya mialoni haiwezi kukua katika kivuli hicho. Mialoni mikongwe inapokufa, hakuna ya kuirithi.

Bakthoni ina tabia moja inayoeleza kwa nini mjadala wa dawa hauishi. Ukiikata tu, haifi. Kisiki hutoa machipukizi mengi, na baada ya misimu michache mahali palipokuwa na shina moja pana kichaka kizito kuliko cha kwanza. Ndiyo sababu njia iliyozoeleka ni kukata shina karibu na ardhi, kisha kupaka dawa juu ya kisiki kibichi mara moja, kabla mkato haujakauka. Dawa huchanganywa na rangi, mara nyingi ya buluu, ili ionekane kisiki kipi kimepakwa na kipi kimesahauliwa. Rangi hiyo hufichua pia siri nyingine: iwapo dawa imemwagikia majani, buti au vidole.

Kwa mche mdogo, mkono unatosha. Vilevile kuna mimea mingine vamizi, kama ule wa majani yenye harufu ya kitunguu saumu unaotapakaa katika misitu ya huko kila majira ya kuchipua, ambayo wanaojitolea huing'oa kwa mikono na kuitia katika mifuko. Kazi kama hizo hazihitaji leseni, na familia nzima huweza kushiriki pamoja na watoto. Ni pale chupa inapofunguliwa ambapo mambo hubadilika.

Illinois ina sheria yake ya viuatilifu ya mwaka 1979, na leseni hutolewa na Idara ya Kilimo ya jimbo. Kuna ngazi mbili. Ya chini ni ya mtendaji, ambaye hufaulu mtihani wa kanuni za jumla na kufanya kazi chini ya mwenye leseni ya juu. Ya juu ni ya mtumiaji kamili, ambaye pamoja na mtihani huo hufanya mwingine unaohusu aina ya mahali atakapofanyia kazi, mathalan misitu, maji au kandokando za barabara. Mafunzo ya matayarisho hutolewa na huduma za ugani za Chuo Kikuu cha Illinois, na matokeo ya mtihani hudumu kwa miaka mitatu. Wasimamizi wa misitu ya Cook huwataka wanaojitolea kupaka dawa wawe na leseni hiyo ya jimbo, sawa na wanavyowataka wanaoshika msumeno wa mashine au kusimamia uchomaji wa nyasi wapate mafunzo maalumu ya kazi hizo.

Je, mtihani huo hupima nini? Sehemu kubwa ni kusoma kibandiko. Kila chupa ya kiuatilifu inayouzwa Marekani hubeba sentensi inayosema kwamba ni kosa chini ya sheria ya kitaifa kuitumia dawa hiyo kwa namna isiyopatana na maelezo yake. Kwa sababu hiyo, wakufunzi hupenda kurudia kwamba kibandiko ndicho sheria. Kiasi kilichoandikwa si ushauri. Glavu zilizotajwa si pendekezo. Ikiwa kimeandikwa kwamba dawa isitumiwe karibu na maji, basi hata mwenye leseni ya miaka 20 hana ruhusa.

Kibandiko pia hueleza jambo ambalo mgawanyo wa kisheria huweza kulificha. Baadhi ya dawa zenye triklopiri, ingawa ziko katika fungu la matumizi ya kawaida, hubeba neno la onyo lililo kali kuliko yote, lenye maana ya "hatari", kwa kuwa tone lake likiingia machoni huweza kusababisha madhara yasiyotibika. Anayedhani kwamba "kawaida" ni sawa na "salama" anaweza kulipia dhana hiyo kwa jicho lake.

Aina nyingine ya triklopiri hugeuka mvuke kukiwa na joto jingi. Mvuke huo huweza kupeperuka na kuiunguza mimea ambayo hakuna aliyekusudia kuigusa. Mtu aliyefunzwa hujua siku gani ya kuifungua chupa na siku gani ya kuiacha ghalani. Hujua pia kwamba wakati wa hatari zaidi si ule wa kupaka bali ule wa kuchanganya, dawa ingali kali, na kwamba njia kuu ya sumu kuingia mwilini katika kazi kama hii ni ngozi, hasa ya mikono. Hujua kusuuza chombo mara tatu kabla ya kukitupa, na kuyarudisha maji ya kusuuzia ndani ya mchanganyiko badala ya kuyamwaga kwenye mtaro.

Haya si mambo ya ajabu, na mkulima makini wa popote huyafahamu mengi yake. Lakini anayejitolea si mkulima. Anaweza kuwa mhasibu, nesi mstaafu au mwanafunzi. Nia yake ni kubwa kuliko uzoefu wake, na pengo hilo ndilo ambalo leseni imewekwa kulijaza.

Suala la afya lilipata uzito mpya Machi 2015, pale taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilipoiweka glaifoseti katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. EPA ilishikilia kwamba hakuna uwezekano wa dawa hiyo kusababisha saratani ikitumiwa inavyoelekezwa. Tofauti hiyo ilifika mahakamani. Agosti 2018, baraza la wazee wa mahakama jijini San Francisco liliamua kwamba Dewayne Johnson, aliyekuwa akinyunyiza dawa za glaifoseti katika viwanja vya shule huko Benicia, California, alipwe dola milioni 289 na kampuni ya Monsanto. Kiasi hicho kilipunguzwa katika hatua zilizofuata, hadi mahakama ya rufaa ilipokifikisha dola milioni 20.5 mwaka 2020. Maelfu ya kesi nyingine zilifuata, na kampuni ya Bayer, iliyoinunua Monsanto mwaka uo huo wa 2018, imeendelea kuitetea dawa hiyo.

Mwaka 2022, mahakama nyingine ya rufaa iliitupilia mbali sehemu ya uamuzi wa EPA kuhusu afya ya binadamu, ikisema haukuwa na ushahidi wa kutosha, na shirika hilo likauondoa uamuzi wake wa muda. Kwa wanaojitolea, funzo la kesi ya Johnson si lazima liwe kwamba glaifoseti ni sumu ya saratani au siyo. Wanasayansi wangali wanavutana. Ni kwamba mtu huyo alikuwa mfanyakazi wa umma, akifanya kazi ya umma kwenye ardhi ya umma, na ushahidi uliotolewa ulieleza jinsi dawa ilivyomwagikia mwilini mwake vifaa vilipoharibika.

Kuna upande mwingine wa mambo ambao wengi hawaufikirii hadi wafikishwe mahakamani. Mwaka 1997, Rais Bill Clinton alitia saini sheria ya kuwalinda watu wanaojitolea. Kwa mujibu wake, anayejitolea katika shirika lisilo la faida au katika taasisi ya serikali hawezi kudaiwa fidia binafsi kwa madhara yaliyotokana na kosa la kawaida alilolifanya akiwa kazini. Ngao hiyo ni kubwa, lakini ina tundu. Ikiwa kazi yenyewe huhitaji leseni au cheti katika jimbo husika, ni sharti mtu awe nacho. Asiye na leseni ya dawa katika jimbo linaloitaka, na ambaye dawa yake imeiua bustani ya jirani au kumdhuru mpita njia, huenda akajikuta amesimama peke yake, nyumba yake na akiba yake vikiwa hatarini.

Katika mbuga na misitu inayomilikiwa na serikali ya kitaifa, hali ina sura tofauti kidogo. Sheria mbili za miaka ya mwanzo ya 1970 ziliruhusu mbuga za kitaifa na misitu ya kitaifa kupokea watu wa kujitolea, na wanaosajiliwa rasmi huhesabiwa kuwa kama wafanyakazi wa serikali endapo wataumia au kudaiwa kwa kazi waliyotumwa. Kwa upande mwingine, idara zinazomiliki ardhi hizo zina taratibu zake. Idara ya samaki na wanyamapori, kwa mfano, hudai pendekezo la maandishi kuhusu kila matumizi ya dawa, likiidhinishwa kabla ya tone la kwanza kudondoka. Huko, hata leseni ya jimbo haimpi mtu ruhusa ya kuja na chupa yake kutoka nyumbani.

Wapo wanaolalamika, na malalamiko yao hayafai kupuuzwa. La kwanza ni kwamba wengi wa wanaojitolea kila wiki ni wastaafu, na mtihani wa kuandika, wenye hesabu za vipimo na istilahi za kisheria, huwatisha baadhi yao kuliko bakthoni yenyewe. La pili ni kwamba mtihani hupima kusoma, haupimi mkono. Mtu anaweza kupata alama nzuri na bado akapaka dawa ovyo, ilhali mwenye uzoefu wa miaka 15 akakwama kwenye swali kuhusu panya. Mtihani wa jumla umetungwa kwa ajili ya kila aina ya mtumiaji, na anayepaka visiki kwa brashi hulazimika kujifunza mengi yasiyomhusu.

La tatu ni zito zaidi. Kila kizuizi kinachoongezwa hupunguza idadi ya mikono, na vichaka havisubiri. Ekari iliyoachwa kwa miaka mitano kwa kukosa wenye leseni si sawa na ekari iliyokuwapo mwanzoni.

Lakini Kaunti ya Cook yenyewe ina kumbukumbu inayoonyesha gharama ya kukosa imani ya umma. Mnamo Septemba 1996, baada ya malalamiko ya wakazi wa baadhi ya mitaa iliyo kando ya misitu, kiongozi wa kaunti wakati huo, John Stroger, alisimamisha kazi ya kurejesha uoto wa asili. Wakazi hao walilalamikia ukataji wa miti, uchomaji moto na matumizi ya kemikali, na waliuliza ni nani aliyewapa majirani zao mamlaka ya kuyafanya hayo katika msitu wa wote. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua, na katika baadhi ya maeneo ilichukua miaka kadhaa kabla ya kazi kurejea. Wakati huo wote bakthoni iliendelea kukua.

Swali la wakazi hao lilikuwa la haki, hata kama hofu zao nyingine zilipita kiasi. Anayekutana na mtu asiyemjua msituni, amevaa miwani ya kinga na kushika chupa ya maji ya buluu, anastahili kupata jibu lenye uzito kuliko "sisi ni watu wema". Leseni ya jimbo, hata ikiwa na kasoro zake, ni jibu la aina hiyo. Jina liko kwenye orodha, na wa kuulizwa yupo.

Uingereza, ambako pia misitu na hifadhi nyingi hutegemea watu wa kujitolea, iliamua kuitazama zaidi chupa. Chini ya kanuni za mwaka 2012, anayetumia dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya wataalamu sharti awe na cheti, au awe anajifunza chini ya usimamizi wa aliye nacho, awe analipwa au halipwi. Kwa miaka mingi, watu waliozaliwa kabla ya mwisho wa 1964 waliruhusiwa kuzitumia bila cheti kwenye ardhi yao au ya mwajiri wao. Msamaha huo ulikoma Novemba 26, 2015, na wazee waliokuwa wakinyunyiza dawa tangu ujanani wakajikuta wakirudi darasani.

Nchini Marekani, makundi mengi yamepata namna ya kuishi na sharti hili bila kuwafukuza wasio na leseni. Siku ya kazi, kikosi hugawanywa. Wengine hukata, wengine huburuta matawi na kuyarundika kwa ajili ya kuchomwa, na mmoja au wawili wenye leseni huwafuata wakataji kisiki kwa kisiki, wakiwa wamevaa glavu na kubeba dawa. Mwisho wa siku huandika tarehe, jina la dawa, kiasi kilichotumika na mahali palipopakwa. Wengi wa wanaokuja hawatawahi kuigusa chupa, na kazi haikosi kuwatosha.

Ugumu hujitokeza pale mwenye leseni anapougua au kusafiri. Hapo kikosi cha watu 20 huweza kushinda siku nzima kikikusanya mbegu, kwa kuwa kukata bila kupaka ni kuliongeza tatizo. Kalenda nayo haisaidii. Msimu mzuri wa kuikabili bakthoni huanza mwishoni mwa vuli na kuendelea katika majira ya baridi, ardhi ikiwa imeganda na mimea ya asili imelala, ilhali leseni za Illinois hufikia kikomo Desemba 31, msimu ukiwa umepamba moto. Aliyesahau kuihuisha yake hurudi Januari akiwa na ruhusa ya kuburuta matawi tu.